Mawaidha kwa Waya

"Waya ni mzima, Bi Mahfudha. Televisheni yenu ndiyo mgonjwa."

Badi alisema hayo bila kuinua uso. Alikuwa nyuma ya kaunta ya duka lake katika mji wa kale wa Malindi, anakaza skrubu za plagi, na ubavuni mwake deki ya video ilikuwa ikizungusha filamu ya Kihindi kwa nyumba zote zilizoungwa. Kijana huyu ndiye aliyeleta mambo hayo mjini. Alitoboa ukuta, akatoa waya mmoja mnene juu ya mlango, akaupandisha mapaani na kuugawagawa hadi ukaingia vyumbani kwa watu. Mwenye televisheni akilipa kila mwezi, filamu zamfuata mpaka kitandani. Kwa wanawake wa mjini, ambao sinema waliisikia tu kwa waume zao, ilikuwa neema. Kwa Bi Mahfudha ilikuwa chengachenga tu kwenye kioo.

"Televisheni ni mpya," alisema Mahfudha. "Shemeji yangu aliileta kutoka Jedda, na karatasi zake ninazo."

"Vitu vipya pia huugua."

"Mwezi uliopita ulisema ni mvua. Kabla ya hapo ukasema ni kunguru, wanakalia waya. Leo ni ugonjwa wa televisheni. Lakini siku ya kulipa, Badi, waja mwenyewe mpaka mlangoni. Siku hiyo kunguru hawakuzuii."

Watu waliokuwa wakingoja kukodi kanda wakacheka. Badi hakupenda kuchekwa dukani mwake. Aliweka bisibisi chini, akamtazama mama wa watu kuanzia ukaya mpaka ndara.

"Kama huridhiki, mama, nitakuja niukate. Wako wengi wanaongoja. Mkweo, Mzee Bwanamkuu, nimemuunga juzi tu, na picha yake yang'aa. Kamuulize."

Mahfudha akanyamaza. Kwa jina la Mzee Bwanamkuu alikuwa akinyamaza siku hizi, maana bintiye Chiku, mtoto wake wa pekee, alikuwa ameolewa na Amin, mwana wa mzee huyo, na ndoa yenyewe ilikuwa bado mbichi. Mzee alikuwa mtu wa dini na mwenye neno moja. Filamu hakuzitaka nyumbani kwake. Waya aliukubali kwa ajili ya Ijumaa tu, kwani kila Ijumaa baada ya sala Badi alikuwa akiweka kanda ya mawaidha, na wazee wote wakamsifu kwa hilo.

"Nenda umwambie Bwana Athman aje," Badi akaongeza, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu anayefadhili. "Tuzungumze wanaume kwa wanaume."

Mahfudha alirudi nyumbani akiwa amefura. Alimkuta mumewe akinywa chai, akamwambia, "Mimi huyo kijana simuwezi tena. Nenda wewe, wewe ndiye mwenye masharubu." Akaingia jikoni kumalizia hasira zake kwa nazi. Athman alikuwa mpole, fundi wa saa, mtu wa kuambiwa nenda akaenda. Alikwenda, akarudi, akaingia chumbani kidogo, akatoka tena, na Mahfudha hakumuuliza kitu. Lau angeuliza, hadithi hii isingekuwako.

"Amesema atatengeneza," Athman alimwambia jioni. "Amepanda mwenyewe juu ya paa na kubadilisha kipande cha waya. Amesema tungoje Ijumaa."

"Na tungoje," akasema Mahfudha.

*

Ijumaa, walipokwisha kula pilau, jirani yao Fatu aliingia na mkeka wake. Fatu hakuwa na televisheni, lakini alikuwa na mazoea. Athman aliketi kitini na kofia yake ya sala bado kichwani, Mahfudha akabonyeza swichi, na wote watatu wakatazama.

Picha ilitulia. Hapakuwa na chenga hata moja. Rangi zilikuwa rangi, nyeupe ilikuwa nyeupe, na sauti ya msichana aliyekuwa akisoma Qur'ani ilisikika mpaka pumzi zake.

"Mashallah!" Fatu akasema. "Leo Badi kapata akili."

Mahfudha alifurahi, tusimfiche. Alijisikia ameshinda vita. Alitaka hata kurudi dukani amwambie yule kijana mbele ya watu kwamba ule ugonjwa wa televisheni umepona. Kwenye kioo kilionekana kitambaa chekundu ukutani, chenye Ayatul Kursiy iliyodariziwa kwa nyuzi za dhahabu, na kamera ilikuwa ikikitembelea polepole, herufi kwa herufi. Upande wa chini, pembeni, kilikuwa na alama ndogo ya kuungua, mahali ambapo chetezo cha udi kiliwahi kukisogelea mno.

Mahfudha aliinua macho yake kutoka kwenye televisheni. Ukutani, juu ya televisheni hiyo hiyo, kilikuwa kimetundikwa kitambaa kile kile, na alama ile ile.

Alijua kinachofuata. Alijua kwamba msomaji angemaliza, kwamba kigelegele kingepigwa na yeye mwenyewe, na kwamba baada ya kigelegele kamera ingegeuka.

Kigelegele kikapigwa. Kamera ikageuka.

Ilikuwa ni siku ya kupamba. Watu wa mwambao hawahitaji kuelezwa: bibi harusi amekalishwa jukwaani, mtandio usoni, na asumini zake na hina mpaka viwikoni, na mbele yake ni wanawake peke yao, mabuibui yamevuliwa na kurundikwa mlangoni, nywele ziko nje, mikono iko nje, na ngoma. Siku hiyo mwanamume hapiti hata barazani. Mke wa mtu yeyote, awe wa kadhi au wa mvuvi, huingia mle ndani akaweka heshima yake pembeni kwa muda mfupi, akijua kwamba akitoka ataikuta palepale alipoiacha.

"Hii si nyumba yetu hii?" Athman aliuliza. Kisha akasema, "Huyo si Chiku?" Na kisha, kwa sauti ndogo, "Huyo si wewe?"

Mahfudha aliruka, akavua leso aliyojifunga, akaitupa juu ya televisheni. Picha ikafunikwa, lakini ngoma iliendelea chini ya leso. Iliendelea pia dirishani, kutoka nyumba ya pili, na kutoka nyumba ya nyuma, na kutoka ng'ambo ya kichochoro.

"Athman! Badi ameipata wapi kanda hii?"

"Nilimpa mimi. Alisema nimpelekee kanda ya nyumbani yenye picha safi, aijaribu, ajue ubovu uko wapi. Na humu ndani iko moja tu."

"Uliitoa wapi?"

"Kabatini, chini ya leso zako. Imeandikwa Mawaidha!" Athman alivua kofia yake ya sala. "Siku ile mlipokodi deki wewe na wenzako mkafunga madirisha, mimi nilikaa nje nikasema alhamdulillahi, mke wangu amepata kikundi cha dini."

Siku nyingine yoyote Mahfudha angecheka mpaka akae chini. Ile karatasi ya ubavuni aliiandika yeye mwenyewe. Kanda kama ile mwanamume akiiona anaweza kuishika, na kijana akiiona anaweza kuiiba, ila ikiandikwa Mawaidha nani ataigusa? Aliona ni akili kubwa. Na Badi, aliyekuwa amezichosha kanda zake za Ijumaa mpaka wazee wanazijua kwa moyo, alipoletewa mawaidha mapya, akayachungulia mwanzo wake tu, akaona Ayatul Kursiy na kusikia Qur'ani, lazima alimshukuru Mungu.

Lakini kisa hakikuwa kanda peke yake. Kabla ya posa kukubaliwa, Mzee Bwanamkuu aliweka sharti moja, na aliliweka mbele ya mashahidi: asiingie mtu na kamera harusini, wala ya picha wala ya video. Alimtazama Mahfudha kupitia mlango uliokuwa nusu wazi, akasema, "Nataka neno lako, si la mumeo." Mahfudha akampa neno lake. Kisha akamwita Hannah, mwanamke wa studio ya picha, akamwingiza kwa mlango wa nyuma. Alifanya hivyo kwa sababu ya dada yake wa Mambrui, aliyemlea Chiku na kumpenda, na ambaye alikuwa amelala kitandani hawezi hata kugeuzwa. Alitaka dada yake amwone Chiku akiwa bibi harusi kabla hajafumba macho. Alimwona, na akayafumba. Wanawake waliokuwako mle ndani wote waliiona kamera na wote walifunga midomo, kwa maana kila mmoja alitaka kupigwa picha.

Sasa neno la Mahfudha lilikuwa likichezwa kwa waya sebuleni kwa Mzee Bwanamkuu. Akiliona, atasema nini? Atasema amepewa mtoto na mwongo, mtoto ameonwa na wanaume wa mji mzima, na mtoto arudi kwao. Chiku atarudi na sanduku lake na hina bado haijamtoka.

"Nakwenda kuizima," Mahfudha akasema.

*

Njia ya kutoka kwake mpaka duka la Badi aliipita kila siku, lakini siku hiyo hakuijua. Alijifunga buibui vibaya, akawa analivuta huku na huko akikimbia, mwanamke mzima mwenye mkwe. Madirisha yote yalikuwa wazi kwa joto la mchana, na kila dirisha lilikuwa likimpigia kelele kwa sauti yake mwenyewe. Alijisikia akicheka. Alijisikia akimwambia mtu, "Zungusha bibi wewe, wamuogopa nani?" Nje ya kinyozi wanaume walikuwa wamejazana dirishani wakichungulia ndani, na wa nyuma walisimama juu ya vidole. Mmoja aligeuka, akamtambua.

"Bi Mahfudha!" akasema, anacheka kwa meno yote. "Kumbe nyinyi huko ndani mwajua mambo!"

Akampita mbio. Mtu huyo alikuwa akimwamkia shikamoo kila asubuhi tangu utoto wake, na siku hiyo hakumwamkia.

Mlango wa duka la Badi ulikuwa wa chuma, na kufuli lilikuwa limening'inia. Mahfudha aliugonga kwa viganja vyote viwili. Ndani, deki ilikuwa ikizunguka na ngoma ikilia, na juu ya ngoma simu ya Badi ilikuwa ikiita, ikinyamaza, ikiita tena.

"Hayuko," alisema mshonaji wa duka la pili, ambaye alikuwa amekaa barazani na cherehani yake. "Amekwenda Watamu. Iko hoteli yataka kuungwa."

"Ufunguo?"

"Yuko nao."

"Atarudi lini?"

"Alisema magharibi. Lakini wamjua Badi, magharibi yake huweza kuwa ya kesho." Mshonaji akaonyesha kwa sindano yake. "Kama una malalamiko, sanduku ni hilo."

Kweli, pembeni mwa mlango palikuwa na sanduku la bati lililopigiliwa misumari ukutani, limeandikwa kwa rangi nyekundu, MALALAMIKO YA WATEJA, TUNAWAJALI. Lilikuwa limeshiba. Vikaratasi vilikuwa vimejitokeza mdomoni mwake vikageuka manjano kwa jua, na nyigu walikuwa wameanza kujenga juu yake. Mahfudha alilitazama, akahisi machozi ya hasira yakimpanda puani. Miezi yote aliyokuwa akilia apate picha, Badi alikuwa hapa na picha haikuwako. Leo picha iko, Badi hayuko.

"Hakuna swichi nje? Hakuna pa kuzimia?"

"Kila kitu kiko ndani, mama. Na stima leo imekuwa nzima. Kila siku hukatika, leo haikatiki."

Juu ya mlango, kutoka kwenye tundu, ulitoka ule waya mnene, ukapanda ukutani kuelekea paani. Mahali hapo ulikuwa bado mmoja. Mbele zaidi ungekuwa ishirini, thelathini, Mungu ndiye ajuaye, lakini hapo ulikuwa mmoja tu.

Kambi, mvuta mkokoteni wa sokoni, alikuwa amelala kivulini juu ya mkokoteni wake. Mahfudha alimtikisa mguu.

"Kambi, mwanangu, nisogezee mkokoteni hapa ukutani. Upesi."

Kambi aliamka, akautazama waya, akamtazama yeye. "Mama, hiyo ina stima. Itakuua."

"Ikiniua utakuwa umeona. Sogeza."

"Ukiukata Badi atakushtaki!" mshonaji akapaza sauti. "Mimi sitaki ushahidi, mimi sikuona kitu!" Na akageuza kiti chake akatazama ukuta wake, mtu mwangalifu.

Mahfudha alipanda. Mkokoteni uliyumba, Kambi akaushika. Vidole vyake viliufikia waya, lakini alipounyakua buibui lake lilinasa kwenye msumari wa lile sanduku la bati na kumvuta shingoni nyuma. Alijaribu kulinasua kwa mkono mmoja, likakataa. Kutoka ndani ya mlango alisikia ngoma ikibadilika. Alilijua pigo hilo. Lilikuwa pigo la mwisho, la wakwe, wakati mama wa bibi harusi na mama wa bwana harusi huitwa katikati kufungwa leso kiunoni, na baada yake Chiku angevuliwa mtandio wa uso.

Hakufikiri tena. Aliliachia buibui. Lilimteleza mabegani likabaki linaning'inia msumarini, na yeye akabaki juu ya mkokoteni barabarani, Ijumaa mchana, kwa gauni la nyumbani na nywele wazi, mbele ya kinyozi na wateja wake na mshonaji na Kambi na kila aliyekuwa akipita kutoka sokoni. Aliukamata waya kwa mikono miwili, akaweka mguu ukutani, akavuta. Waya ukamkata viganja. Akavuta tena kwa uzito wake wote, na plasta ikabanduka, na waya ukakatika tunduni, na Mahfudha akaanguka kitako juu ya mbao za mkokoteni.

Madirisha ya mji yakanyamaza yote kwa pamoja. Ukimya huo ulikuwa mtamu kuliko pilau. Kisha, kutoka upande wa kinyozi, wakaanza.

"Badi! Badi weee! Picha!"

"Huyu kijana hafai kabisa! Kila pakinoga anakata!"

Kambi alikuwa amegeuza uso wake kando muda wote huo. Bila kumtazama, alilinasua buibui, akampa nyuma ya mgongo wake. "Jisitiri, mama," akasema. "Mimi sikutazama." Mahfudha alijifunga, na mikono yake ikaacha damu kwenye kitambaa cheusi ambapo haikuonekana. Ndani ya duka deki ilikuwa bado ikizunguka, na wanawake wake wakiimba peke yao.

*

Badi alikuja baada ya magharibi, naye hakuja kuomba radhi. Alisimama mlangoni na kanda mkononi, amejaa vumbi la Watamu.

"Mnajua bei ya waya ule? Hauuzwi hapa, watoka Mombasa."

"Umeweka nini kwenye waya, Badi?" Athman aliuliza.

"Nimeweka mlichoniletea. Imeandikwa Mawaidha, nikaweka mawaidha. Ningejuaje?"

"Kwa kuitazama," Mahfudha akasema. "Mtu huitazama kanda kabla hajaiingiza majumbani mwa watu."

"Mama, mimi nina wateja. Nikikaa kutazama kanda zote nitakula saa ngapi?" Alitupa mikono. "Nyinyi watu hamridhiki. Miezi yote mwalalamika picha mbaya. Leo nimewapa picha nzuri, mwalalamika picha nzuri. Na wenzenu wameipenda! Wako walioniuliza njiani itarudiwa lini."

Athman, yule mpole, mtu wa kuambiwa nenda akaenda, aliinuka kitini. Alimpokonya kanda Badi, akaenda nayo jikoni, na baada ya muda harufu ya plastiki inayoungua ikajaa nyumbani. Aliporudi alisema, "Toka." Badi alitoka, lakini mlangoni alikumbuka jambo.

"Mzee Bwanamkuu ndiye ninayemsikitikia," alisema. "Nilimwambia msikitini kwamba leo kuna mawaidha mapya. Akawaalika ndugu zake, na Maalim wa madrasa. Kahawa na halua. Walikuwa wamekaa wote sebuleni."

Mahfudha alikaa chini pale pale aliposimama.

Walimtuma Fatu aende akasikilize. Fatu, ambaye kwa kawaida hurudi na habari mpaka zinamwagika, alirudi na chache. Mlango wa wakwe ulikuwa umefungwa. Alibisha, hakuna aliyefungua. Ndani kulikuwa na mtu analia, mwanamke, lakini hakuweza kujua ni nani.

"Ni Chiku," Mahfudha akasema.

"Mimi sikusema ni Chiku."

"Nani mwingine?"

Mahfudha alikwenda kufungua chumba cha Chiku kilichokuwa kimegeuzwa stoo. Alitoa magunia, akapangusa vumbi, akatandika shuka safi, akaweka na mto wake wa zamani. Viganja vilikuwa vikimuuma lakini hakukubali Athman amsaidie. Kila shuka aliyoikunjua aliikunjua kwa uchungu. Alimwona mtoto wake akiingia mlangoni na macho yamevimba, alisikia majirani wakihesabu miezi ya ndoa, alimwona akiketi hapo mwaka baada ya mwaka, mwanamke aliyeachwa kwa kosa la mamake. Aliposali aliomba jambo moja tu, asitake lingine: kesho mlango ukibishwa, awe ni mtu yeyote, yeyote yule, asiwe Chiku.

Athman alimfunga viganja kwa kitambaa. Alifanya polepole kama afanyavyo saa zake.

"Sikuwahi kukuona ukicheza," alisema.

"Umekasirika?"

Alikaza fundo. "Nimeona haya kwa kuwa niliwaona wake za watu. Lakini wewe," akasema, akaufunga ule mkono wa pili, "wewe wacheza vizuri."

Mahfudha alilia kwa mara ya kwanza siku hiyo.

*

Mlango ulibishwa asubuhi, jua likiwa limekwisha kupanda. Athman alikuwa amekwenda kufungua kibanda chake cha saa, kwa kuwa hakujua jingine la kufanya. Mahfudha alisimama nyuma ya mlango na mkono kwenye komeo. Aliona kupitia upenyo mkokoteni wa Kambi na juu yake sanduku kubwa la bati, lile la maua, sanduku la mwanamke. Akafungua.

Aliyesimama barazani alikuwa Bi Zuleikha, mke wa Mzee Bwanamkuu, mama wa Amin.

"Hodi, Mama Chiku," alisema.

"Karibu." Mahfudha aliangalia nyuma yake, kushoto, kulia. "Mtoto yuko wapi?"

"Yuko kwake. Nimemwacha jikoni, anampikia mumewe chai."

"Hawakumrudisha?"

"Wamrudishe kwa nini? Mtoto kwenye picha alikaa kitako, ameinamisha kichwa, mtandio usoni. Mzee mwenyewe amesema, 'Mtoto huyu amelelewa.' Wewe amekutukana, sikufichi, amekuita mwongo mbele ya nduguze wote. Lakini mtoto hakumgusa." Bi Zuleikha alikuwa akizungumza kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulia yote. "Waya ulipokatika hata uso wake ulikuwa haujafunuliwa."

"Alhamdulillahi," Mahfudha akasema. "Alhamdulillahi, alhamdulillahi." Kisha macho yake yakarudi kwenye lile sanduku. "Na hili?"

"Hili ni langu."

Mahfudha hakuelewa, au hakutaka kuelewa.

"Mimi nilicheza, Mama Chiku," alisema Bi Zuleikha. "Wakumbuka. Ngoma ya wakwe, ulinifunga leso wewe mwenyewe. Yule Hannah nikamwita kwa mkono, nikamwambia, njoo hapa karibu, nipige vizuri. Lasikika kila neno. Mzee alikuwa ameshika kikombe cha kahawa, Maalim yuko kuliani kwake. Nami niko jikoni nakata halua, nasikia sauti yangu sebuleni, nikatoka kuona ni nani ananiigiza. Nikawakuta wote wananitazama. Mara kule kwenye televisheni, mara huku mlangoni, mara kule, mara huku. Waya ukakatika. Hakungoja hata wageni wainuke. Talaka tatu zote kwa mpigo, nao wakawa mashahidi."

"Subhanallah!" Mahfudha akasema. "Bi Zuleikha! Kwa ngoma?"

"Kwa ngoma. Umri wangu wote niko katika nyumba ile, wanangu wote nimewazaa mle. Ndugu zangu walio hai wako Pate, na mashua ya kesho sina nguvu nayo. Amin alitaka kuja nami, na Chiku pia, alilia usiku kucha ameshika miguu yangu. Nikamwambia bakia kwa mumeo, usimpe mzee huyo sababu. Kisha nikawaza niende kwa nani ambaye hataniuliza kwa nini nilicheza. Nikakuona wewe."

Mahfudha alisimama pale mlangoni na mikono yake iliyofungwa vitambaa. Alitaka kusema pole na neno halikuja, kwa sababu kitu kilichokuwa kimemjaa kifuani kilikuwa ni furaha. Mtoto wake alikuwa jikoni kwake, anapika chai. Dua yake imejibiwa neno kwa neno. Alijitahidi kuifukuza furaha hiyo usoni, aweke huzuni mahali pake, na akaona kwamba amechelewa, imekwisha kuonekana. Haya ikamshika ambayo hakuwa ameihisi hata pale juu ya mkokoteni.

Bi Zuleikha aliinama, akashika kishikio kimoja cha sanduku na kumwachia mwenyeji wake kile cha pili.

"Furahi tu, Mama Chiku," alisema. "Hata mimi, alipotamka jina langu na si la Chiku, nilifurahi."